Usitazame Jua, Tazama Mlima

Maneno haya niliyasema jioni moja mwanzoni mwa Juni, mbele ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili mjini Missoula, Montana. Walioikosa jioni ile waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na mizaha yake.

Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu, na ninyi watoto mliokaa sakafuni mbele yangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mnaingia zamu ya usiku, kwa hiyo sitawaweka sana. Na mnielewe mapema: nikisema saa moja asubuhi ni saa ya kwetu, si ile ya kwenye simu zenu.

Nimeombwa niseme juu ya moshi wa mioto ya msituni. Nadhani aliyeniomba alitarajia nije na barakoa na karatasi za idara ya afya. Karatasi zipo pale mezani, barakoa pia zipo, chukueni mpaka ziishe. Mimi nataka tuzungumze juu ya kutazama. Ukiamka asubuhi ya Agosti katika bonde hili, kabla hujafungua dirisha, kabla hujamwachia mtoto mpira, macho yaende wapi? Maana wengi wetu tunayapeleka mahali pasipofaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Tulifika hapa Julai 2017. Tulipewa nyumba ya ghorofani, haina kiyoyozi, na joto lilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuambiwa juu ya Montana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa theluji tu! Jirani yetu, mtu mwema sana, akanifundisha desturi ya mji huu: mchana funga madirisha na ushushe mapazia, usiku fungua yote, hewa baridi ya mlimani itashuka na kuipoza nyumba. Ni kweli, ndivyo wenyeji wanavyoishi. Tukafanya hivyo, tukalala vizuri.

Kumbe radi ilikuwa imeshapiga msitu upande wa mlima wa Lolo Peak tarehe 15 Julai. Moto ule uliendelea mpaka Septemba, ukala karibu hekta 22,000, na zimamoto mmoja akafa kwa kuangukiwa na mti. Mchana mimi nilikuwa nikitazama juu naona weupe tu, kama kiangazi cha kwetu Goma, Kongo, ule wakati mashamba na majani yanapochomwa mpaka kisiwa cha Idjwi kinapotea ziwani. Nikasema, haya, ni kiangazi, hata huku wana kiangazi chao. Usiku nikafungua madirisha yote manne.

Saa kumi alfajiri binti yangu mdogo akaja kuniamsha. Hakulia. Alisimama tu kando ya kitanda, anakohoa kikohozi kikavu, kifupi kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Nikainuka. Taa ya barabarani ilikuwa na duara la rangi ya chungwa kuizunguka, na ndani ya nyumba, kwenye mwanga unaoingia, niliona moshi ukipita polepole juu ya meza ya kulia. Nikafanya nini? Nikakimbilia dirisha la jikoni, nikalipanua zaidi, nikitafuta hewa safi. Mwalimu wa jiografia mzima! Miaka kumi na miwili nimewaandikia watoto ubaoni habari za upepo wa bonde na upepo wa mlima, na usiku ule sikukumbuka hata mstari mmoja.

Asubuhi, nimekaa pale jikoni na madirisha yamefungwa, ndipo bibi yangu akanijia akilini.

Ninyi mliotoka Goma na Sake mnalijua neno mazuku. Kwa watoto wa kutoka Fizi na Uvira nitaeleza. Kule kwetu, chini ya volkano, kuna mashimo na mabonde madogo ambako hewa mbaya hutoka ardhini na kujikusanya. Haina rangi, mara nyingi haina hata harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini kama maji kwenye beseni. Mbuzi anaingia asubuhi kula majani, hatoki. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, lakini mtoto aliye mfupi, au mtu aliyeinama kufunga kiatu, anaanguka. Na mazuku ni mbaya zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Jua likipanda na upepo ukiamka, inatawanyika. Bibi hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa na sheria yake: asubuhi na mapema hakuna kushuka shimoni, ngoja mpaka majani yacheze.

Basi ndugu zangu, bonde la Missoula ni beseni. Ni beseni kubwa, lenye mji wa watu elfu sabini na kitu ndani yake, lakini tabia ni ileile. Hewa inakaa kama maji. Usiku ardhi ya miteremko inapoa, hewa iliyoigusa inapoa nayo, inakuwa nzito, inateleza kushuka kwenye makorongo, Rattlesnake, Hellgate, yote, na inakuja kutulia hapa chini tulipo sisi. Kama mlimani kuna moto, inashuka na moshi wake. Ile hewa baridi tamu ya jirani yangu, na ule moshi uliomwamsha binti yangu, vilikuja kwa njia moja na kwa saa moja.

Na nitawapa ushahidi kwamba hili ni beseni kweli, si mfano wa mwalimu. Mkitoka hapa tazameni Mount Sentinel, ule mlima wenye herufi M. Jua likiwa limelala, au theluji kidogo ikianguka, mtaona mistari ubavuni, imenyooka, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi iliyochorwa kwa rula. Watoto wangu walidhani ni njia za mbuzi. Ni fukwe. Mwishoni mwa enzi ya barafu, kama miaka 15,000 iliyopita, barafu ilishuka kutoka kaskazini ikaziba mto kule Idaho, na maji yakajaa nyuma yake mpaka hapa. Tulipokaa jioni hii palikuwa chini ya maji ya kina cha mita 300 hivi. Ile M yenyewe ingekuwa imezama. Kisha boma la barafu likapasuka, ziwa lote likamwagika kuelekea bahari ya Pasifiki, barafu ikaziba tena, maji yakajaa tena, mara nyingi sana. Kila mstari pale mlimani ni mahali maji yalipokaa kwa muda.

Mimi nimeifanya ile mistari kuwa kipimo changu. Asubuhi za moshi natoka na kikombe cha chai, nauliza: leo ziwa limefika mstari gani? Kuna asubuhi moshi una uso wake kabisa, umenyooka kama maji, na juu yake kilele cha Sentinel kiko kwenye jua, kisafi, miti inahesabika. Waliowahi kupanda mapema wanasema ukiwa kule juu unaona mji umezama kwenye maziwa.

Kinachouzuia moshi usipande ni kifuniko. Siku za kawaida ukipanda juu kunakuwa baridi zaidi, na hewa ya moto ya chini inapanda kwa raha zake, inakwenda na moshi wake. Lakini baada ya usiku mtulivu bondeni mambo yanageuka: baridi iko chini, joto liko juu. Hewa ya chini ikijaribu kupanda inakuta iliyo juu yake ni nyepesi kuliko yenyewe, inarudi. Ni kama sufuria ya ugali iliyofunikwa, mvuke unapiga kifuniko, unashuka. Hapa wanakuwa nacho hata wakati wa baridi, Desemba na Januari, wiki nzima anga la kijivu bila jua. Zamani, kila nyumba ilipokuwa na jiko la kuni, moshi wa majiko ulikuwa unakwama chini ya kifuniko hicho mpaka mji ukaweka sheria kali za kuni. Kwa hiyo mkiambiwa leo hairuhusiwi kuwasha kuni, msidhani wanawachukia.

Wakati wa kiangazi kifuniko kina saa zake, na hizo ndizo nataka mzishike kuliko kitu kingine. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu asubuhi ndipo moshi unapokaa mzito. Jua likianza kuipiga miteremko, hewa inachemka taratibu kutoka chini, na kati ya saa tano na saa nane mchana kifuniko kinapasuka. Unaiona kabisa: ule uso ulionyooka unaanza kuchanika, vipande vinapanda kwenye makorongo, upepo unabadilika na kuanza kupanda mlima badala ya kushuka. Bibi angesema majani yamecheza. Mchana ule unaweza kufungua dirisha kwa saa mbili tatu ukabadilisha hewa ya ndani. Kwa hiyo desturi ya mji huu, fungua usiku funga mchana, siku za moshi mnaweza kulazimika kuigeuza juu chini.

Lakini sikilizeni na hili, maana si zuri. Kifuniko kikipasuka bondeni, ni nafuu kwetu na ni kuni kwa moto. Moto nao ulikuwa umelala chini ya hewa ile nzito. Ukipata upepo unaamka. Ndiyo maana moshi mpya unaonekana alasiri, saa tisa, saa kumi, ukipanda nyuma ya milima. Huo ndio utakaoshuka usiku. Na moshi ukiwa mnene sana unajilinda wenyewe: unaziba jua, ardhi haipati joto, kifuniko hakipasuki, kesho yake ni palepale. Agosti ile ya 2017 nina ukurasa kwenye daftari langu, nilikuwa nimeanza kuandika: "M haipo. Saa nane, M haipo. Saa kumi na mbili jioni, M haipo. Kuku wa jirani wameingia bandani saa tisa mchana."

Sasa nije kwenye jua, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Kila mwaka, siku ya kwanza jua likichomoza jekundu kama nyanya, simu yangu inalia. "Mwalimu, leo hatari, mmeona jua?" Watu wanaghairi mechi ya watoto. Ndugu zangu, jua jekundu linakuambia kuna moshi mahali fulani kati yako na jua. Halikuambii uko wapi. Chembe za moshi zinautawanya mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu upite, basi, hiyo ndiyo habari yote. Moshi unaweza kuwa juu kilomita tatu nne, umetoka Oregon au California au Kanada, unapita zake kama ndege, na hapa chini unavuta hewa safi. Septemba 2020 moshi wa majimbo ya pwani ulitufikia kutoka mamia ya kilomita huko. Na kuna siku nyingine jua liko juu, jeupe, kali, unaona ni siku njema tu, na watoto wanakimbia uwanjani ndani ya hewa chafu iliyokaa mita mia moja za chini.

Kwa hiyo usitazame jua. Tazama mlima. Lipe jua mgongo, maana ukilielekea hata vumbi kidogo linaonekana kama ukuta, halafu uulize: naona mbali kiasi gani?

Nimewapimia. Chukueni daraja la Higgins, kila mtu hapa analipita. Ukiwa darajani, Lolo Peak iko kusini-magharibi, karibu kilomita 30. Ukiona mikunjo yake, makorongo, theluji kama bado ipo, hewa ni nzuri, watoto watoke. Ikiwa Lolo imebaki kama kivuli, au imepotea lakini vilima vya karibu unaviona vizuri, basi mwenye pumu, mjamzito, mzee na mtoto mchanga waanze kujihadhari. Halafu kuna miteremko ya mbele ya Blue Mountain, takriban kilomita 8. Hiyo ikipotea, hewa si nzuri kwa mtu yeyote, hata kijana mwenye kifua cha chuma. Na mwisho kabisa ile M, ambayo kutoka darajani haifiki kilomita 2. M ikifutika, ingia ndani, funga, usibishane na mimi.

Kipimo hiki sikukizua mimi. Idara ya mazingira ya jimbo nayo hupima moshi kwa umbali ambao jicho linafika, na mstari wao wa hatari kwa kila mtu uko hapo hapo kwenye kilomita 8. Mimi nimewabadilishia maili kuwa milima tu. Kina mipaka yake: usiku hakifai, na siku ya ukungu au mvua kinadanganya. Hapo ndipo mfungue ramani ya moto na moshi ya serikali kwenye simu. Rangi zake mnazijua: kijani, njano, chungwa, nyekundu, zambarau, na ile ya mwisho, damu ya mzee, kuanzia 301 kwenda juu. Naomba tu msiitegemee pua. Pua inazoea. Baada ya siku mbili haisikii kitu, na mapafu bado yanakula.

Mawingu nayo nisiyaruke, ingawa naona mama mmoja pale ameanza kutazama birika la chai. Nakuja, mama.

Katika milima hii kuna watu ambao kazi yao wakati wa kiangazi ni kukaa kwenye kibanda kileleni na kutazama tu. Miaka zaidi ya mia sasa. Siku mvua ikinyesha wanapata taabu, maana baada yake vipande vya ukungu vinainuka msituni, vyeupe, vyembamba, vinafanana na moshi kabisa. Wao wanaviita mbwa wa maji. Nilimuuliza mzee mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo: unatofautishaje? Akaniambia, mtazame miguu. Ukungu hauna miguu, unatembea, unakwea ukingo, unayeyuka. Moshi umefungwa kamba mahali pamoja. Kichwa kinakwenda na upepo, mguu haubanduki. Tangu siku hiyo nikiona weupe mlimani nahesabu mpaka mia mbili kabla sijamwambia mtu.

Ya pili ni minara. Asubuhi ya Julai, mapema, ukiona vijiwingu vimejipanga mstari na kila kimoja kimeota kichwa kidogo kama mnara wa msikiti, mchana au jioni tarajia radi. Na radi ya huku si ya kwetu. Kule kwetu radi inakuja na mvua ya kuezua paa. Hapa mara nyingi utaona mvua inaning'inia chini ya wingu kama pazia la kijivu lililokatwa kabla ya kufika sakafuni, inakauka njiani. Maji hayafiki, radi inafika. Inapiga mti mmoja kileleni, na moto unaweza kulala ndani ya gogo siku kadhaa, hakuna anayejua, mpaka siku ya upepo.

Ya tatu ni wingu la moto lenyewe. Hilo mkiliona mtalijua: nyuma ya milima, alasiri, linapanda kama koliflawa kubwa, juu jeupe linang'aa, chini limeshika rangi ya kahawia chafu. Moto umekuwa na nguvu kiasi cha kujitengenezea wingu lake, na wingu kama hilo linaweza kupiga radi na kuanzisha mioto mingine. Usiku mmoja wa 2017 tulisimama nje na mke wangu, ukingo wa kusini ulikuwa mwekundu. Kijana wangu akauliza, "Baba, hii nayo ni Nyiragongo?" Alizaliwa baada ya 2002, hakuuona mto wa lava wa volkano hiyo ukipita katikati ya Goma. Lakini kila mtoto wa Goma amelelewa kwa kutazama mwanga wa mlima kabla ya kulala. Nikamwambia hapana, hii ni miti. Akasema, "Basi itaisha."

Haikuwa jibu la kijinga. Huisha, mara nyingi na mvua za Septemba. Ila kuna miaka ambayo haisubiri. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, baada ya kiangazi kikavu, upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto midogo kati ya Idaho na Montana, na kwa siku mbili ukaunguza karibu hekta milioni 1.2. Walikufa watu wasiopungua 85. Nimelileta hili kwa sababu ya jambo ambalo sikulijua nilipofika: kule Avery, Idaho, waliopelekwa kupambana na moto na kuwatoa watu kwa treni walikuwa askari weusi wa Kikosi cha 25. Na kikosi hichohicho kiliwahi kukaa hapa Fort Missoula. Mwaka 1897 askari wake 20 walipanda baiskeli kutoka hapa mpaka St. Louis, kama kilomita 3,000. Kwa hiyo mtoto wako akiulizwa shuleni watu weusi wamefika lini Missoula, asiseme 2016 na ndege ya kwanza ya watu wetu.

Sasa jibu kwa mama mmoja, simtaji, yuko humu ndani. Aliniambia: "Mwalimu, mimi nimepika kwa mafiga kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na nane. Nimekula moshi kuliko hao zimamoto wako. Huu utanifanya nini?" Wote tulicheka, na nilikosa jibu siku ile. Leo ninalo. Mama, huo moshi wa jikoni ni deni. Ulilikopa bila kutaka, na mapafu bado yanalilipa. Chembe za moshi huu ni zile zile za kuni, ndogo kuliko unywele mara nyingi sana, unywele mmoja ungeweza kuzipanga ishirini na zaidi kwa upana. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika mwisho kabisa ambako hewa inaingia kwenye damu. Yule mwenye deni ndiye wa kuogopa mkopo mpya, si kujisifu nao.

Na wala msidhani moshi ukiondoka umeondoka na yake yote. Mwaka ule ule wa 2017 kulikuwa na moto mwingine, Rice Ridge, zaidi ya hekta 60,000, juu ya kijiji cha Seeley Lake, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa. Kijiji kile kiko kwenye kibeseni chake, kama shimo la mazuku, moshi ulishuka kila usiku kwa wiki nyingi mpaka idara ya afya ikawashauri watu wahame. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana, hiki hapa mnachokifanyia usafi baadhi yenu, waliwapima pumzi watu wa Seeley Lake, wakarudi mwaka uliofuata wakati hewa ni safi. Walikuta idadi ya wenye pumzi chini ya kiwango imeongezeka. Moshi ulikuwa umeshaondoka mwaka mzima.

Ya kufanya ni machache, na nitayasema haraka kwa kuwa yameandikwa kwenye karatasi. Kitambaa, leso na kitenge havizuii kitu. Chembe zinapita kama mbu kwenye wavu wa samaki. Barakoa ya N95 inazuia, ikikaa vizuri usoni, na ndevu zinaiharibu, vijana mnisamehe. Chagueni chumba kimoja cha kulala wote, kifungeni, wekeni mashine ya kuchuja hewa. Anayeona mashine ni ghali, anunue feni ya mraba na chujio la tanuru la inchi 20 kwa 20 lenye alama ya MERV 13, alifunge nyuma ya feni kwa utepe wa gundi, mshale uelekee kwenye feni. Nimeleta yangu, ipo pale pembeni. Ule weusi mnaouona kwenye chujio si rangi yake. Lilikuwa jeupe nilipolinunua. Ni wiki tatu za Agosti iliyopita.

Siku hizo usikaange samaki, usiwashe udi, usifagie mkavu. Na anayefanya kazi nje ana haki ya kumwuliza msimamizi wake, leo hewa ni rangi gani? Mwaka mmoja nilifanya kazi ya bustani mahali fulani, M imefutika tangu asubuhi, bosi anasema ni ukungu utaondoka. Nilimwambia, ukungu hauna miguu, huu unao, njoo nikuonyeshe. Hakuja. Nilimaliza wiki ile nikaacha, na namshukuru Mungu nilipata pengine. Si wote wanaweza kuacha, najua, na ndiyo maana barakoa ziko pale bure.

Daftari ndilo la mwisho. Kila nyumba iwe nalo moja, la shule, la mistari. Mtoto mmoja apewe kazi. Asubuhi saa moja, mchana saa nane, jioni saa kumi na mbili: anaona Lolo? Anaona Blue Mountain? Anaona M? Upepo unapanda au unashuka? Tuonane tena hapa Oktoba, tulinganishe, wa upande wa Rattlesnake na wa South Hills na wa kule Reserve. Nahisi bonde hili halijai sawasawa kila kona, lakini sitaki kulisema kabla sijaona madaftari.

Mama, chai sasa. Lakini kwanza, mnaona ni karibu saa tatu usiku na jua bado lipo, huu ndio muujiza wa Juni ya huku ambao sijauzoea. Mlango ule wa nyuma unaelekea kusini-magharibi. Watoto watangulie. Lolo Peak bado ina mabaka ya theluji. Simameni pale ukutani mnihesabie ni mangapi, na msinidanganye, mimi asubuhi nilihesabu saba.